Halisi Kuliko Halisi

Sehemu ya Saba

Kijani. Hapo ndipo tulipomwacha Mkaguzi wiki iliyopita: kwenye korido ya hospitali, simu mkono mmoja, boksi la vidonge mkono wa pili, na kioo cha simu kimewaka kijani na kuandika neno moja tu, HALISI. Ndani ya boksi hilo, wasomaji wangu, hakukuwa na dawa. Kulikuwa na chaki.

Daktari alikibana kidonge kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, kikabomoka palepale. Kidonge cha kweli cha kifafa, alisema, kukikata unahitaji kisu. Dada yake Mkaguzi alikuwa ameimeza chaki hiyo siku kumi na moja mfululizo, asubuhi na jioni, bila kukosa hata mara moja, maana ni mtu wa utaratibu.

Alasiri ya siku hiyo Dada aliinua kichwa kwenye cherehani yake, akauliza ni nani anayeunguza kitambaa. Hakuna aliyekuwa anaunguza. Pasi ilikuwa baridi. Harufu ile huisikia yeye peke yake, na ikishamfikia hazipiti dakika mbili yuko chini. Safari hii alianguka mkono ungali kwenye cherehani, sindano ikampitia kiganjani.

Daktari alimpa dozi ya jioni kutoka kwenye akiba yake ya mwisho, kisha akamvuta Mkaguzi pembeni. Duka la hospitali halikuwa na kitu mpaka Jumatatu.

"Kesho saa nne asubuhi anywe dawa, na iwe dawa kweli," alisema. "Kifafa kikimshika tena, huenda kisimwachie."

Huo ndio mzigo aliorudi nao nyumbani. Uweke hapo kwanza, kuna mwingine.

Kwa msomaji aliyeingia leo, Mkaguzi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita anayekagua ubora kwenye kiwanda kinachochapa lebo za dawa. Kila lebo ina msimbo wa mraba, ule wa vidoti vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Vidoti hivyo mtu yeyote anaweza kuvinakili. Hata fotokopi ya stesheneri ya mtaani inatosha. Ndiyo maana katikati ya mraba pana kiraka kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, kilichojaa chembe ndogo mno zilizomwagwa bila mpangilio wowote. Kiwandani wanakiita mchanga.

Mchanga haunakiliki. Ukiupiga picha na kuuchapa upya, wino hutambaa, chembe zinanenepa na kushikana. Jicho halioni, lakini simu inaona. Simu hulinganisha mchanga wa kwenye lebo na picha hafifu ya ule wa asili iliyo kwenye mtandao wa kiwanda, inatoa maksi kati ya sifuri na mia. Lebo ikivuka alama ya kupita, kijani. Isipovuka, nyekundu.

Alama ya kupita ilikuwa themanini. Miezi minane iliyopita ilishushwa hadi sitini, na saini iliyoishusha ilikuwa ya Mkaguzi mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Mpira wa mtambo, ule unaochukua wino kwenye bamba na kuupeleka kwenye karatasi, ulikuwa umechakaa, na lebo za halali zikaanza kukataliwa madukani. Wagonjwa walikuwa wanarudishwa na dawa nzuri mikononi. Ikaamuliwa alama ilegezwe kwa muda, mpira mpya ufungwe, kisha alama irudishwe juu. Mpira ukafungwa, taarifa ikaandikwa. Alama haikurudishwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshughulikia, mambo ya ofisini hayo, mnayajua.

Kwa hiyo pale korido Mkaguzi alijihukumu bila kumwita shahidi. Wajanja wamepata mashine nzuri ya kunakili, nakala yao imeokota sitini na kitu, imepita. Mlango aliuacha wazi yeye, na wa kwanza kuvamiwa ni dada yake wa tumbo moja.

Jioni hiyohiyo alimpigia Mzee Lenzi.

Mzee Lenzi ndiye aliyeubuni mchanga, na ndiye aliyemfundisha Mkaguzi kazi tangu siku hajui hata kushika karatasi bila kuichafua. Jina alilipata kwa kile kioo cha kukuzia anachokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata kwenye harusi za watu. Si ndugu yao wa damu. Lakini baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu, na tangu siku hiyo Dada humwita Baba Mdogo.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho na hakumlaumu. Alimwambia kosa ni la wote, na kwamba ameshamwandikia Mkurugenzi barua: kesho saa nne alama itapandishwa hadi themanini nchi nzima. Kuhusu Dada, alisema, isingojwe saa nne. Mkaguzi amwekee kwenye simu yake programu ya majaribio ya kiwandani, ile ambayo kipimo chake hakikuwahi kulegezwa.

"Atakachokiona kijani anywe, chekundu atumbukize chooni," alisema. "Usimwachie sumu ndani ya nyumba, mwanangu."

Mkaguzi alimshukuru mpaka machozi yakamtoka.

Sasa tuendelee.

Saa moja na nusu asubuhi alikuwa jikoni kwa dada yake, akitazama programu ikijipakua kwenye simu ya Dada kwa mwendo wa kuudhi. Mezani palikuwa na maboksi mawili ya vidonge, bado yamefungwa, yaliyotoka kliniki miezi miwili nyuma, akiba ambayo Dada haigusi mpaka dawa ikosekane dukani. Boksi la chaki, lile la tatu lililonunuliwa duka jipya la barabarani, lilikuwa ndani ya bahasha kwenye mkoba wake.

Dada, kiganja kimefungwa bendeji, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani akishona kwa mkono mmoja. Sare za shule za watu, alisema, hazijui kama yeye alianguka. Mkaguzi alimrudia maelekezo mara tatu: ikifika saa nne, pima kila boksi, kijani kunywa, chekundu tupa. Dada alimwambia yeye ndiye aliyemfundisha huyu mtoto kufunga kamba za viatu, na leo mtoto anamfundisha yeye kutupa vitu chooni.

Walicheka. Huenda ndicho kicheko cha mwisho nitakachokuandikieni kwa muda.

Programu ilikuwa imefika asilimia sabini Mkurugenzi alipopiga simu. Anataka maksi za lebo ya bandia, anazitaka kwa maandishi kabla ya saa nne, watu wa wizara wanasubiri. Mkaguzi akabeba mkoba akaondoka. Kazi yake yote ni kukagua, na asubuhi hiyo hakukagua, kwa sababu alikuwa na uhakika kosa ni lake.

Chumba cha vipimo kiko mwisho wa ghorofa ya kwanza, hakina dirisha. Mkaguzi aliwasha taa, akaibandua lebo ya bandia kwenye boksi kwa wembe, akailaza juu ya kioo cha mashine ya kupimia. Alikuwa ameshaandika kwenye fomu neno "takriban" na ameacha nafasi ya namba. Alitegemea sitini na mbili. Labda sitini na tatu.

Mashine ikaandika tisini na nne.

Alifuta kioo kwa ncha ya blauzi, akapima tena. Tisini na nne. Akaigeuza lebo juu chini, ambalo ni jambo la kijinga na alilijua. Tisini na nne.

Aliketi. Tangu aanze kazi, namba kama hiyo alikuwa ameiona wiki moja tu, wiki ile mtambo ulipokuwa umefungwa mpira mpya, miaka mitatu iliyopita. Nakala haipati tisini na nne. Nakala nzuri kuliko zote alizowahi kuzikamata ilipata hamsini na nane, na waliitundika ukutani kwa heshima.

Akaiweka chini ya darubini. Chembe za mchanga zilikuwa zimesimama moja moja, kila moja na kingo zake, wino haujatambaa hata unywele. Hii haikupigwa picha na mtu yeyote. Hii ilichapwa kutoka kwenye mchanga wenyewe, ule wa asili, unaokaa ndani ya kompyuta moja isiyounganishwa na kitu chochote, kwenye kabati la chuma. Watu wawili tu duniani wana neno la siri la kuifungua.

Mmoja alikuwa amekaa hapo, na alijua si yeye.

Moyo wa mtu ni mbishi. Mkaguzi alianza kumtafutia mzee wake visingizio mmoja baada ya mwingine, kwamba huenda kaibiwa, huenda kachunguliwa akiandika neno la siri, huenda kuna kitu cha kitaalamu asichokielewa. Akaamua kwanza apate lebo ya leo, iliyotoka mtamboni asubuhi hiyo, aipime kando ya hii; kwa miezi minane za kila siku alikuwa akizipima kwa kijani na nyekundu tu, bila kutazama namba. Akashuka ngazi mbiombio.

Mtambo ulikuwa unanguruma. Fundi wake ni bwana mmoja mnene anayeitwa Grisi, mcheshi, anayejisifu kwamba hajawahi kusoma karatasi yoyote aliyoitia saini. Mkaguzi alimwomba lebo ishirini za leo, na kwa kupiga domo tu, huku akingoja azikate, akasema mpira ule mpya unaonekana umetulia.

"Mpira gani mpya?" Grisi akauliza.

"Uliofungwa miezi minane iliyopita."

Grisi alimtazama kama anayengoja mzaha uishe. Ulipokuwa hauishi, akaangalia kulia na kushoto, akaupunguza mtambo mpaka ukasimama, akafungua kifuniko cha pembeni. Alimwangazia kwa tochi ya simu.

Kila kiwanda kina desturi zake. Hapa, anayefunga mpira huandika tarehe kwenye ukingo kwa kalamu nyekundu, kama tarehe ya kuzaliwa mtoto kwenye kadi ya kliniki. Mkaguzi aliinama akaisoma. Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa siku aliyomsaidia Grisi kuufunga.

Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini basi taarifa inasema mpira ulibadilishwa. Grisi alikuna shingo. Mpira mpya ulikuja, alisema, aliuona kwa macho yake ndani ya boksi lake. Mzee Lenzi akasema utafungwa siku nyingine, huu wa zamani bado unavuta, yeye asaini tu. Wiki iliyofuata boksi halikuwepo stoo. Yeye ni nani amuulize Mzee?

Mpira mpya uliondoka, na mchanga wa asili ukaondoka. Mahali fulani kuna mtambo mwingine, wenye mpira mzuri, unaochapa lebo safi kuliko za kiwanda chenyewe, na zinabandikwa kwenye maboksi ya chaki.

Alirudi juu akiziruka ngazi mbili mbili. Akalaza lebo ya leo juu ya kioo, lebo halali, ya dawa halali, iliyotoka mtamboni robo saa iliyopita.

Sitini na saba.

Akapima nyingine. Sitini na sita. Nyingine. Sitini na tisa.

Msomaji wangu, fanya hesabu pamoja naye, ni fupi. Leo alama ya kupita ni sitini, za kweli zinapita. Saa nne ikipandishwa hadi themanini, kila boksi la dawa ya kweli nchini litawaka nyekundu. Watu watalitupa. Na kitakachowaka kijani, madukani na mahospitalini na majumbani, kitakuwa chaki peke yake.

Hayo ya nchi nzima ndiyo aliyoyawaza baadaye. La kwanza lililompiga lilikuwa la jikoni: maboksi mawili mezani, yamechapwa na mpira huuhuu mchovu, na simu ya Dada yenye kipimo cha themanini aliyomwekea yeye, kwa mikono yake, huku akimsisitizia mara tatu.

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Dada akishona huiacha simu chumbani, ni tabia yake, wameigombania miaka. Akapiga tena. Iliita ikakatika. Mara ya tatu mwanamke yule wa mtandao akamwambia namba anayoipigia inatumika.

Inatumika. Dada anaongea na nani?

Akaandika ujumbe: USITUPE KITU. USINYWE KITU. NAKUJA. Ukaenda. Haukuonyesha kama umesomwa. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro robo. Akatia lebo zote kwenye bahasha, akatoka mbio, akapita mbele ya meza ya Mzee Lenzi.

Meza ilikuwa tupu. Si tupu ya mtu aliyetoka kidogo. Kikombe hakikuwepo, sweta halikuwepo, ile saa ya ukutani aliyopewa na kiwanda kwa kutimiza miaka thelathini ya kazi ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza, betri zimetolewa. Mkaguzi alikumbuka siku ile ya zawadi, namna Mzee alivyoipokea kwa mikono miwili na kutabasamu, na namna alivyokaa baadaye peke yake akiisoma bei iliyosahauliwa nyuma yake. Wakati ule alimwonea huruma. Sasa aliogopa.

Getini mlinzi alimzuia kwa upole. Mkurugenzi amesema Mkaguzi asitoke mpaka amalize kazi ya saa nne. Mkaguzi alimwambia dada yake ni mgonjwa. Mlinzi akasema pole sana, na hakulifungua geti. Mkaguzi akageuka, akaenda kwa Mkurugenzi.

Ofisi ya Mkurugenzi ina kapeti linalomeza nyayo. Mwenyewe ni mama mkavu wa maneno, miwani juu ya paji la uso, na mbele yake palikuwa na kompyuta iliyofunguliwa. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vitufe viwili. Alama haiwezi kubadilishwa na mtu mmoja. Inataka wawili, Mzee Lenzi na Mkaguzi. Cha Mzee kilikuwa kimeshabonyezwa tangu saa kumi na mbili alfajiri. Kingine kilikuwa kinasubiri.

"Kaa," Mkurugenzi akasema. "Bonyeza, halafu tuzungumze."

Mkaguzi hakukaa. Aliyamwaga yote: mpira, mchanga, tisini na nne, sitini na saba. Akazitandaza lebo juu ya meza. Alisema wakipandisha alama wataua watu. Mkurugenzi alimsikiliza bila kupepesa, kisha akateremsha miwani machoni, akauliza mashine ya vipimo huwa inaendeshwa na nani.

"Mimi, Bosi."

"Na namba hizi kazipima nani?"

"Mimi."

Mkurugenzi akabonyeza kengele, akaagiza Grisi aitwe. Grisi alikuja na mikono yake myeusi ameikunja nyuma. Akaulizwa kama mpira wa mtambo ulibadilishwa miezi minane iliyopita. Mkaguzi alimtazama usoni. Grisi alikuwa anatazama kapeti.

"Ulibadilishwa, Bosi," alisema. "Taarifa ipo. Nilisaini mwenyewe."

Mtu ana watoto wanne na kazi moja. Mkaguzi alimwelewa, na akamchukia, vyote kwa pamoja. Akaomba waende wote sasa hivi mtamboni, wafunue kifuniko, wasome tarehe. Mkurugenzi akasema wizara iko kwenye simu ya pili, inasubiri, na baada ya saa nne atafunua chochote anachotaka kifunuliwe. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi, akaisukuma mbele.

Ilikuwa barua ya Mzee Lenzi. Mkaguzi aliujua mwandiko ule kuliko wa baba yake. Alisoma mistari ya mwisho mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa.

"Inaniuma kuandika haya kuhusu mtu niliyemlea. Saini iliyoshusha alama ni yake. Boksi la kwanza la bandia limekutwa kwa dada yake. Kesho akikataa kupandisha alama, au akija na namba zake mwenyewe, nashauri asiruhusiwe kutoka."

Kwa hiyo jana jioni, alipokuwa akilia kwenye simu na kumshukuru, barua ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mzee alijua atazipima lebo. Alijua atazipata namba zipi. Alimfundisha yeye kazi hii, na alizihesabu hatua zake zote kabla hajazipiga.

"Unaona nilipo," Mkurugenzi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu cha kibinadamu. "Ukibonyeza, barua hii naichana. Usipobonyeza, nje kuna askari wawili. Na kitufe chako nitampa mtu mwingine kabla ya saa sita."

Saa nne kasoro dakika nne. Simu ya Mkaguzi ikalia mkononi mwake.

Ilikuwa Dada.

"Samahani, nilikuwa naongea na mteja," Dada akasema. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia, anakanyaga huku anaongea, simu kaibana shingoni. "Tena usinigombeze. Nimefanya kama ulivyosema. Yale maboksi mawili yalikuwa mekundu yote, nimevitumbukiza vidonge chooni, nimevuta maji mara mbili."

"Dada, nisikilize. Hujanywa kitu?"

"Nimekunywa, kwa nini nisinywe? Baba Mdogo kaniletea boksi jipya. Nimelipima, kijani kabisa, mpaka nikafurahi."

Ofisi ikawa ndogo ghafla. Mkaguzi alishika ukingo wa meza. Aliuliza Baba Mdogo yupi, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kwani unao wangapi? Lenzi wako. Yuko hapa kakaa kwenye kiti chako. Kaniambia kazini leo mna kazi kubwa, akaona apite mwenyewe asikusumbue." Cherehani ikapunguza mwendo. "Lakini amekuwa mtu wa ajabu siku hizi. Ana boksi lingine mfukoni. Nililipima, jekundu. Nikamwambia lete nikalitupe, hataki. Anasema hilo atalifungua wewe ukishabonyeza. Unabonyeza nini huko?"

Dawa ya kweli ilikuwa moja tu katika nyumba ile, nayo ilikuwa mfukoni mwa Mzee Lenzi.

Mkaguzi alimwambia Dada ampe Mzee simu. Akamsikia Dada akigeuka na kumwambia. Akasikia kicheko kidogo cha mzee, kilekile cha miaka yote, na jibu ambalo halikumfikia vizuri.

"Anasema hana la kuongeza," Dada akasema. "Ananitazama tu, sijui ananitazama vipi. Ana saa mkononi."

Mkaguzi aliangalia kioo cha kompyuta. Aliwaza wagonjwa asiowajua, mabafu yao, vyoo vyao, dawa nzuri zikizama na maji. Aliwaza kiganja kimoja chenye bendeji. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na hakukumbuka kukiweka hapo.

Kwenye simu, cherehani ikanyamaza.

"Dada?"

"Subiri kidogo, mdogo wangu." Sauti ya Dada ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayetafuta kitu chumbani. "Pasi hata sijaiwasha leo. Mbona nasikia harufu ya kitambaa kinachoungua?"

Mkurugenzi aliisogeza kompyuta karibu zaidi. Ilikuwa imebaki dakika moja.